Ukuta Uliokataa Kukauka

Mama mkwe wangu alipopasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia, nilijua nina siku kumi za kubadilisha nyumba yake. Daktari alitaka akae karibu na hospitali mpaka amwone tena, na wifi yangu anaishi Kutus, si mbali na pale alipotibiwa. Basi Mama akabaki kwake, nami nikarudi Tetu na mpango ambao sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Naye nilimwambia nusu tu. Nilisema nataka kusafisha kuta.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, vyumba vinne, mabati juu. Mama na marehemu mumewe waliijenga kwa kahawa na maziwa, wakaipaka rangi mara moja: kijani cha mafuta kutoka sakafuni hadi kiunoni, nyeupe kutoka kiunoni kwenda juu. Nilipoolewa humo, miaka kumi na mmoja iliyopita, nyeupe ilikuwa tayari imegeuka kama maji yaliyooshewa sufuria, na kijani kimebanduka kwa vipande ambavyo watoto wangu baadaye walipenda kuvikwangua kwa kucha. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka na kukaa siku tatu bila kunyanyuka, sebule ile ilikuwa na baridi ya kuumiza meno.

Mimi nashona mapazia. Nina kibanda changu mjini Nyeri, na kazi hiyo huniingiza katika nyumba za watu. Mwaka ule nilikuwa nimepeleka mapazia kwa mteja mmoja, nikakuta sebule yake imepakwa rangi ya chungu kilichotoka motoni, wekundu uliochanganyika na kahawia. Nje kulikuwa na mvua. Ndani nilihisi kama mtu amewasha moto, na hakukuwa na moto. Nilichelewa kuondoka kwa makusudi. Tangu siku hiyo, kila nilipoingia sebule yetu niliiona rangi ile ukutani, mahali ambapo haikuwepo.

Lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu kwa muda mrefu nilijidanganya. Nilijiambia kwamba napaka kwa ajili yake. Macho yake yalianza kufifia kabla sijaolewa, na kwa miaka mitano alikuwa akipapasa kikombe mezani, na sasa angerudi anaona. Kwa nini asikute kitu kizuri? Hilo lilikuwa kweli. Lakini pia ilikuwa kweli kwamba katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kusogeza hata kiti katika nyumba ile kikabaki nilipokiweka. Niliwahi kuhamisha kabati la vyombo hadi upande wa dirisha. Niliporudi jioni lilikuwa limerudi mahali pake, na Mama alikuwa ameketi kando yake akichambua maharagwe kwa vidole.

Hatukuwa tunagombana. Kwetu ni upande wa pili wa mlima, kunakochomoza jua, na lugha yetu inakaribiana na yao lakini si ile ile. Tukiwa na raha tulizungumza Kikuyu, na lafudhi yangu ilimchekesha. Tukiwa hatuna raha tulizungumza Kiswahili, maana huko hakuna kati yetu aliyekuwa nyumbani.

Fundi wa rangi alitoka Othaya, mtu mzima mwenye mvi, mpole, asiyependa maneno. Alizunguka sebule, akaingia chumba cha Mama, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole.

"Mwenye nyumba anajua?" akauliza.

"Mwenye nyumba ni mimi."

Alinitazama, akatazama picha ya harusi ya Mama iliyokuwa imetundikwa juu ya mlango, akafungua begi lake na kutoa msasa.

Tulibishana jambo moja tu. Nilitaka chini kote kupakwe rangi ya mafuta, ili alama za mikono ya watoto zifutike kwa kitambaa. Yeye akasema mwezi huu mafuta hayakauki, ukungu hautakubali, afadhali rangi ya maji. Nilishikilia langu. Siku ya nne akapaka mkono wa kwanza wa rangi. Siku ya sita nikagusa kwa ncha ya kidole, bado unanata. Siku ya saba akapaka wa pili kwa sababu nilimhimiza, huku akitikisa kichwa. Ukuta ulikuwa mzuri kuliko nilivyoota. Ulikuwa mwekundu wa kahawia, mzito, unang'aa kwa unyevu. Nilijihesabia siku tatu za kukauka.

Siku ya nane, saa tisa alasiri, wifi alipiga simu.

"Mama amekataa kukaa," akasema. "Ati amechoka na kuku za watu, anataka kuona zake. Tuko njiani, tumepita Karatina."

Nilifungua madirisha yote. Nilichukua magazeti nikapepea kuta, kama mwendawazimu. Nikampigia simu mume wangu kwenye kituo cha kupimia majani chai anakofanya kazi, nikamwambia arudi mapema. "Kwani kuna nini?" akauliza. Nikakata simu.

Walifika kabla yake. Mama alishuka amevaa miwani nyeusi, mkono wake kwenye bega la binti yake. Uani aliivua. Alisimama pale karibu dakika kumi akitazama vitu vyake kimoja kimoja, jicho la kushoto akilifunika kwa kiganja.

"Hiyo kahawa iko na majani ya manjano," akasema. "Hakuna mtu aliniambia." Kisha akanigeukia mimi, akasogea karibu mpaka nikasikia harufu ya dawa. "Kumbe uko na alama hapa." Akagusa shavu lake mwenyewe.

"Nilianguka nikiwa mtoto, Mama."

"Miaka yote hiyo sikuiona vizuri." Akatabasamu. Nakumbuka nilifikiri: basi, mambo yatakuwa sawa.

Akapanda ngazi mbili za mlango, akaingia. Nilikuwa nyuma yake, sikuuona uso wake. Niliona mgongo wake ukisimama wima. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja chote ukutani, akakibandua polepole kwa sababu kilikuwa kimenata. Akakitazama. Palipokuwa na mkono pakabaki alama, vidole vitano wazi.

"Ni nani alileta udongo kwa nyumba yangu?"

"Si udongo, Mama. Ni rangi. Itakauka kesho kutwa."

"Mimi niko na macho sasa. Najua udongo."

Aligeuka akanipita bila kunigusa, akashuka ngazi peke yake, wifi akikimbia nyuma yake asije akajikwaa. Akaenda moja kwa moja jikoni. Jiko letu ni kibanda cha mbao nje, na githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa motoni. Akaketi kwenye kigoda chake, moshi ukamzunguka.

Nilikuwa na karatasi ya hospitali mkononi ambayo wifi alikuwa amenikabidhi. Iliandikwa wazi: asikae kwenye moshi wala vumbi kwa mwezi mzima, tone moja la dawa kila baada ya saa nne. Gari la wifi lilikuwa likisubiri na watoto wake wako shuleni. Kabla ya kuondoka alinishika mkono.

"Ungeuliza," akaninong'oneza.

"Ningeuliza ningeambiwa hapana."

"Ndiyo maana ya kuuliza."

Nilirudi jikoni. Mama alikuwa ameketi akitazama moto, machozi yanamtoka kwenye lile jicho jipya, na sikujua kama ni moshi au ni kitu kingine.

"Mama, twende ndani. Daktari alisema moshi hapana."

"Sitaingia."

"Jicho litaharibika."

"Ni yangu."

Nilichukua ndoo ya maji nikaumwagia moto. Majivu yakaruka, mvuke ukajaa, na githeri ya watoto ikabaki nusu mbichi. Nilikohoa, naye akakohoa, akafunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Sasa utanifukuza hapa pia?" akasema kutoka ndani ya kitambaa.

Mume wangu alitukuta hivyo, mmoja ameketi, mwingine amesimama na ndoo tupu. Alikuwa ameshapita sebuleni. Hakunipigia kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia mama yake, "Kesho asubuhi narudisha ile nyeupe."

"Nyeupe ni ya hospitali."

"Basi unataka gani?"

"Sitaki kitu. Nataka kukaa hapa."

Nje, kando ya tangi la maji, alinigeukia. "Uliniambia unasafisha."

"Nilikuambia."

"Hii ni kusafisha?"

Nilitaka kumwambia kuhusu kabati la vyombo. Nilitaka kumwambia kwamba yeye amezaliwa katika nyumba hii na hajui maana ya kuishi mahali kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Badala yake nikasema nitalala na mama yake jikoni, nikaenda kutafuta godoro.

Tulilala humo, mimi na yeye, bila moto, katikati ya baridi ya mwezi wa saba, blanketi nne na mabati yakidondosha umande. Hakukataa niwe karibu. 

Asubuhi jicho lilikuwa jekundu kama nyanya. Ilikuwa saa ya dawa. Nikapiga magoti, nikainua kidevu chake, nikavuta ukope wa chini. Tone la kwanza likaangukia shavuni. La pili likaingia.

"Sasa funga macho dakika tano," nikasema. "Yote mawili. Usifungue."

Akayafunga. Nilianza kuhesabu kwa saa ya simu. Na hapo, akiwa amefumba macho, uso umeelekea juu kama mtu anayenyolewa, akaanza kuongea. Aliongea Kikuyu, polepole, akichagua maneno nitakayoelewa. Nayaandika hapa kama nilivyoyapokea.

Alikuwa msichana wa miaka kama tisa, wakati wa hali ya hatari, enzi za mkoloni. Askari walikuja kwenye mwinuko walikokuwa wakiishi, wakawaambia watoke na wanachoweza kubeba. Nyumba ya mama yake ikachomwa wakiwa bado wanatazama. Wakapelekwa mahali palipochimbwa handaki kuzunguka, wakaambiwa wajenge, haraka, wote, wanaume wengi wakiwa msituni au kizuizini. Wanawake walisimika miti na kukanda udongo kwa miguu tangu alfajiri. Watoto walichota maji. Mvua ilikuwa inanyesha. Waliingia kulala kabla kuta hazijakauka.

"Usiku ukiweka mgongo ukutani, ukuta unakushika," alisema. "Udongo mwekundu hivi. Ulikuwa unang'aa."

Alikuwa na ndugu mdogo ambaye alikuwa anajifunza kuongea. Yule mtoto alipenda kazi ile ya udongo. Mama yao alipokuwa akipaka ukuta kwa mikono, naye alipaka chini, mahali alipofika, akadhani anasaidia. Alilala upande wa ukuta kwa sababu upande wa mlango ulikuwa na upepo. Akaanza kukohoa. Hapakuwa na ruhusa ya kutoka kutafuta dawa isipokuwa saa fulani, na saa hiyo ilipofika hakukuwa tena na haja.

"Ukuta ulikauka baadaye. Jua lilitoka, ukakauka vizuri sana. Mkono wake ulibaki pale chini. Hivi." Aliinua kiganja chake, macho bado yamefungwa. Bado kilikuwa na rangi yangu kwenye mistari. "Nilikuwa nalala nikiutazama. Siku moja nikarudi kutoka kuchota maji nikakuta mama yangu ameukwangua kwa panga. Sikumsamehe mpaka nilipozaa wangu."

Simu yangu ilikuwa imepita dakika tano zamani. Sikumwambia.

"Mume wangu hakujua," akasema. "Watoto hawajui. Nilimwambia tu mume wangu, ukinijengea nyumba, weka mawe, na upake rangi ya kitu ambacho si udongo. Akaleta kijani."

Akafungua macho. Lile jekundu lilikuwa likichuruzika. Tulitazamana. "Twende hospitali, Mama," nikasema.

Njia yote hadi Nyeri nilikaa nimeshika mkoba wake, nikijaribu kukubali kwamba nimempofusha mtu siku tisa baada ya kupasuliwa. Kwenye kliniki ya macho kulikuwa na foleni ndefu. Mhudumu aliyempima alikuwa kijana mkali. Alimwangaza, akamwangaza tena.

"Nani alimweka huyu mama kwenye moshi?"

Nilifungua mdomo.

"Nilijiweka mwenyewe," Mama akasema kwa Kiswahili. "Huyu ndiye alizima moto."

Jicho lilikuwa limevimba ndani lakini halikuwa limeharibika. Walitupa dawa kali zaidi, kila saa mbili, na onyo. Nilipotoka nje niliketi kwenye ukingo wa mtaro pale langoni. Mama alisimama kando yangu akinisubiri, miwani nyeusi usoni, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

"Wanauza wapi hiyo rangi?" akauliza.

"Mama, tutapaka ile ya zamani. Kijani na nyeupe. Nitamwita fundi leo."

"Nimekuuliza wanauza wapi."

Duka liko karibu na stendi. Kuna kitabu kikubwa cha rangi pale kaunta, kila ukurasa vipande vidogo vya rangi kama vitambaa vya sampuli. Nilimsogezea kiti. Akavua miwani, akafunika jicho la kushoto, akaanza kufungua ukurasa mmoja mmoja. Wateja walimpita. Muuzaji alinitazama, nami nikamtazama vibaya akaacha. Mama alipofika kwenye kurasa za kahawia na wekundu nilishika ukingo wa kaunta. Alisimama hapo. Ile yangu ilikuwepo, kipande cha tatu kutoka juu. Aliiwekea kidole.

"Ni hii?"

"Ndiyo."

"Ikiwa kavu si mbaya," akasema, akafunua ukurasa.

Alichagua baada ya muda mrefu sana. Ilikuwa manjano yenye weusi kidogo, ya joto, haikuwa ya limau. "Kama ndani ya kiazi kitamu ukikivunja," alimwambia muuzaji, "kile cha zamani, si hivi vya siku hizi." Muuzaji akaandika namba. Nikamwambia achanganye ya maji, yote, juu hadi chini.

Lakini fundi aliposikia akakataa kuja. Alisema huwezi kuweka ya maji juu ya mafuta mabichi, itameguka yote. Ngoja mafuta yakauke, kisha tupige msasa, tuweke rangi ya kwanza ya kushikia, ndipo hiyo. Wiki mbili, labda zaidi. Safari hii sikubishana naye.

Ilibaki kujua Mama atalala wapi wiki mbili, maana hakuna chumba unachofika bila kupita sebuleni, na jikoni nilikuwa nimeapa hatarudi. Jioni ile nilienda kibandani kwangu mjini nikachukua vitambaa vyote vya mapazia nilivyokuwa navyo, majora mazima, vingine vilikuwa vya wateja. Mume wangu alipiga misumari darini, tukafunga kamba kutoka kona hadi kona, umbali wa shubiri kutoka ukutani, nikatundika. Krimu, bluu, maua makubwa mekundu, mistari. Tulifanya kazi ile mpaka alipofika kando ya mlango wa kuingilia na kuona alama ya vidole vitano pale ukutani.

"Ni nini alichokuambia?" akaniuliza.

"Muulize yeye."

Sijui kama alimuuliza. Niliwaona siku iliyofuata wameketi uani kwa muda mrefu, mume wangu akiwa ameinamisha kichwa, na chai yake ikapoa bila kuguswa.

Mama aliingia jioni ile ile ya kutundika vitambaa. Nilimshika kiwiko. Alitazama vitambaa kulia na kushoto, akasema nyumba imekuwa kama hema la mahubiri, akaenda kulala. Tuliishi hivyo siku kumi na nane. Vitambaa viwili viligusa rangi vikaharibika, na mteja mmoja hakurudi kwangu tena.

Fundi alipomaliza rangi ya kiazi, Mama alisimama katikati ya sebule akageuka mara moja kamili.

"Ni manjano sana," akasema.

 Fundi akashusha brashi.

"Nitazoea," akasema Mama, akaenda kuangalia kuku.

Alizoea. Mimi pia. Mchana jua likiingia, sebule ile inakuwa na joto ambalo sikulipata hata katika nyumba ya yule mteja. Ile rangi yangu ilibaki debe moja na nusu. Siku moja Mama aliikuta stoo, akaniambia nisiitupe, niweke kwenye chumba changu na mume wangu, "lakini mlango ufungwe." Nikaipaka mwenyewe mwezi wa kwanza, jua likiwa kali, ikakauka kabla ya jioni. Ni nzuri. Naamka asubuhi ninaitazama, na siku nyingine naiona kama nilivyoiona mara ya kwanza, na siku nyingine naona vidole.

Mama hajawahi kuingia humo. Akinitaka, anasimama nje ya mlango, anabisha mara mbili, na mimi natoka.